Saba kati ya Kumi ya Nini? Kuonja na Kupima Skochi ya Bei Nafuu

Mwaka 1882, huko Leith, mji wa bandari ulio ubavuni mwa Edinburgh, mfanyabiashara William Sanderson alitengeneza michanganyiko ya wiski karibu mia moja. Kila mmoja aliutia kwenye pipa lake, pipa akalipa namba, halafu akaita watu waje waonje. Kwa jinsi kisa kinavyosimuliwa, waonjaji waliafikiana pipa namba 69. Sanderson hakuhangaika kutafuta jina jingine. Hiyo ndiyo VAT 69 (vat ni pipa kubwa kwa Kiingereza) ambayo leo utaikuta kwenye duka la pombe kali Nairobi au Arusha, tena si rafu ya juu.

Napenda kisa hicho kwa ajili ya zile namba tu. Sisi leo tunakwenda kinyume: tunaiona chupa kwanza, tunakumbuka tumetoa shilingi ngapi, ndipo ulimi nao unaulizwa. Na ulimi ukishajua bei, una adabu sana. Haumwaibishi mwenye chupa.

Shemeji yangu ni hodari wa mchezo huo. Akimimina tu, alama hizo: "Hii nne. Hii ya miaka kumi na miwili, tisa." Siku moja nikamuuliza, shem, tisa kati ya kumi ya nini? Akanitazama kama niliyemuuliza kwa nini maji yanalowesha. Swali lile limenikaa tangu siku hiyo, hasa kwa hizi Skochi, yaani wiski za Uskoti, za bei nafuu, kwa sababu ndizo watu wengi wanazokunywa na ndizo zinazopimwa ovyo kuliko zote.

Kilichomo chupani

Kanuni za Uingereza za mwaka 2009 hazina mzaha. Ili wiski iitwe Skochi lazima itengenezwe Uskoti, ikae hukohuko kwenye mapipa ya mwaloni yasiyozidi lita 700, kwa muda usiopungua miaka 3, na itiwe chupani ikiwa na kilevi kisichopungua asilimia 40. Hakiongezwi kitu isipokuwa maji na rangi ya karameli. Lebo ikiwa na namba ya miaka, huo ni umri wa wiski changa kuliko zote zilizomo: hata kama karibu chupa nzima ina miaka 20, kijiko kimoja cha miaka 12 kinailazimisha iandikwe 12. Lebo isiyo na namba inakuhakikishia ile miaka 3 ya kisheria, basi.

Kinachowachanganya watu zaidi ni aina. Anayeijua mbege ya Wachaga ana nusu ya somo tayari, maana anakijua kimea: ulezi uliolowekwa, ukaota, ukakaushwa na kusagwa. Waskoti wanafanya hivyo kwa shayiri. Kimea hicho kikichachushwa kwa hamira kisha kikakenekwa, yaani kikachemshwa na mvuke wake ukakusanywa, kwenye mitungi mikubwa ya shaba, katika kiwanda kimoja, bila nafaka nyingine yoyote, kinachotoka baada ya miaka yake kwenye pipa kinaitwa singo molti. Ni wiski nzito yenye tabia yake, na kila kiwanda kina sura yake.

Kuna wiski ya pili ambayo haisifiwi na mtu. Mwaka 1830, Aeneas Coffey, Mwairishi aliyewahi kuwa ofisa wa ushuru, alipata hataza ya mtambo wa kukeneka wenye umbo la mnara, ambao haufanyi kazi kwa mikupuo kama mtungi bali mfululizo, mchana na usiku. Mtambo huo unapokea ngano au mahindi pamoja na kimea kidogo, na unatoa kilevi chepesi, laini, kingi na cha gharama ndogo. Hiyo ndiyo wiski ya nafaka. Sheria ya mwaka 1860 ilipowaruhusu wafanyabiashara kuchanganya wiski ya kimea na ya nafaka kabla ya kulipa ushuru, watu kama Andrew Usher wa Edinburgh waliingia kazini mara moja. Mchanganyiko huo ndio blendi, na karibu kila Skochi ya bei nafuu unayoijua ni blendi. Kwa kawaida zaidi ya nusu ya kilichomo ni nafaka.

Sasa angalia nani walizijengea jina. John Walker alifungua duka la vyakula Kilmarnock mwaka 1820. Matthew Gloag, ambaye familia yake ilizaa Famous Grouse, alikuwa na duka la vyakula Perth. Ndugu wa Chivas nao, duka la vyakula Aberdeen. Mwenye duka hataki mteja arudi Jumatatu na kusema chupa ya safari hii si kama ya safari ile. Anataka kitu kinachofanana mwaka hata mwaka, kisichomtisha mtu, kinachovumilia maji na soda. Blendi iliumbwa kwa kazi hiyo. Kuipima kwa kigezo cha singo molti ni kulilaumu daladala kwa kutoshinda mbio za magari. Daladala linaulizwa kama linafika, kila siku, kwa nauli ileile.

Pesa yako inakwenda wapi

Hapa naomba tuchukue kalamu, kwa sababu hesabu hii ilinibadilisha namna ya kununua.

Agosti 2023 Uingereza iliweka ushuru wa pombe kali kuwa pauni 31.64 kwa kila lita ya kilevi halisi. Chupa ya sentilita 70 yenye asilimia 40 ina lita 0.28 za kilevi, kwa hiyo ushuru wake wakati huo ulikuwa pauni 8.86. Juu ya yote inakuja kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 20. Tuseme chupa inauzwa pauni 18 dukani. Ondoa kodi hiyo, pauni 3 (asilimia 20 ya pauni 15). Ondoa ushuru, 8.86. Imebaki pauni 6 na senti chache, na humo ndimo inamotoka shayiri, nishati ya kiwanda, pipa, miaka 3 ya kungoja, chupa yenyewe, lori, tangazo na faida ya mwenye duka.

Chukua nyingine ya pauni 30. Kodi ni pauni 5. Ushuru ni uleule 8.86, maana mtoza ushuru hajali umri wala ladha. Anapima kilevi tu. Imebaki pauni 16. Bei imepanda kwa theluthi mbili, lakini fedha iliyobaki kwa ajili ya wiski yenyewe imepanda zaidi ya mara mbili na nusu.

Maana yake ni kwamba hatua ya kwanza ya kupanda bei, kutoka chupa ya chini kabisa hadi ile inayofuata, mara nyingi ndiyo inayokulipa vizuri kuliko zote. Hatua za juu zaidi, kutoka ghali hadi ghali sana, zinalipia uhaba, boksi na jina. Huku kwetu viwango ni vingine, na forodha inaongeza yake, lakini mantiki haiko mbali, kwa kuwa ushuru hauulizi kama unachokunywa kimekaa pipani miaka 3 au 12. Ndiyo sababu tofauti ya bei kati ya Johnnie Walker Red Label na Black Label, majina yaliyoanza kutumika mwaka 1909, inastahili kufikiriwa kabla ya kupuuzwa. Ya kwanza haina namba ya umri, ni kali kidogo, ina pilipili, na inajitetea vizuri ndani ya soda. Ya pili ina miaka 12 na moshi wa mbali.

Neno moja la haraka kabla ya kufungua chochote: hakikisha stempu ya ushuru, TRA au KRA, kwa simu yako, na uangalie kizibo kama hakijachezewa. Chupa bandia haina alama ya kupewa, na methanoli haina ladha ya kukuonya. Bei ikiwa chini kuliko hata ushuru unavyoruhusu, umeshapata jibu.

Pua ina maneno yake

Wengi wetu hukwama hapa. Unasoma maelezo ya waonjaji wa Ulaya unakuta maua ya vilima vya Uskoti, pudini ya Krismasi, jamu ya matunda usiyowahi kuyaona. Unanusa glasi yako, huoni hata kimoja, unahitimisha kwamba pua yako ni ya kijijini. Si kweli. Pua iko sawa; maneno ndiyo ya kuazima.

Chukua karafuu. Kinachoifanya karafuu inukie karafuu ni kemikali iitwayo yujenoli, na yujenoli hiyohiyo hutoka kwenye mbao za mwaloni zilizochomwa ndani ya pipa. Mtoto wa Pemba aliyekulia pembeni ya majamvi ya karafuu zinazoanikwa anaweza kuikamata kwenye glasi mapema kuliko Mwingereza. Ndizi mbivu nayo ni halisi: hamira inapochachusha kimea hutengeneza kemikali ileile iliyomo kwenye ndizi. Harufu ya nazi hutoka kwenye mwaloni, hasa mwaloni wa Marekani. Vanila vilevile. Na kwa nini mwaloni wa Marekani? Kwa sababu sheria ya kule inataka beboni, wiski yao, ikae kwenye mwaloni mpya uliochomwa. Pipa likishatumika mara moja halifai tena kwa beboni, basi linauzwa, na Waskoti ni wanunuzi wazuri wa mitumba.

Kwenye wiski zilizopita mapipa ya divai ya sheri ya Uhispania, mimi huandika zabibu kavu, tende, wakati mwingine sukari guru inayoanza kuungua sufuriani. Kwenye blendi changa naandika maganda ya machungwa, nyasi, unga wa ngano, na zikiwa changa mno, gundi au dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Hilo la mwisho ni kilevi cha nafaka ambacho pipa halijamaliza kukifunza adabu.

Moshi ni habari nyingine. Sehemu za Uskoti zisizo na miti mingi walichoma piti, yaani udongo mweusi wa mabwawani uliotokana na mimea iliyooza nusu, unaokatwa vipande na kukaushwa kama matofali. Kimea kikikaushwa juu ya moshi wake, moshi unaingia na hautoki, hata ukikenekwa. Wiski za kisiwa cha Islay ndizo zinazojulikana zaidi kwa hilo. Watu wa kawaida husema zinanuka hospitali, na hawakosei, maana fenoli, kemikali za moshi huo, ni jamaa wa dawa za zamani za kusafishia vidonda. Ukitaka kuuonja moshi kwa bei ya chini, Teacher's inafaa: kiwanda chao cha Ardmore kilijengwa mwaka 1898, na kimea chake chenye moshi ndicho uti wa mgongo wa blendi hiyo. Mimi huandika "samaki wa kubanika, jana". Aliyekulia kwa Wakalenjini anaweza kuandika kibuyu cha mursik, maziwa yao ya mgando yenye harufu ya mkaa, na tutakuwa tunasema jambo moja.

Glasi yenyewe iwe nyembamba juu kuliko tumboni, ili harufu ikusanyike. Huko Uskoti wana Glencairn iliyobuniwa kwa kazi hiyo. Mimi nimetumia istikani ya chai iliyobana shingo na haikuniangusha. Mimina kidogo, mililita 15 zinatosha. Usizamishe pua kama unayefukiza mafua. Iweke juu ya ukingo, mdomo wazi kidogo, ili kilevi kisikuchome.

Kisha ongeza maji. Wapo wanaosema maji ni kuharibu. Wachanganyaji wakuu wa viwandani, wanaoamua ladha ya mamilioni ya chupa, hupunguza wiski hadi asilimia 20 hivi wanapoinusa, na mara nyingi hawamezi hata tone. (Msomaji asiyegusa pombe, kwa hiyo, anaweza kuwa bingwa wa kazi hii kuliko mlevi yeyote.) Mwaka 2017 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Linnaeus, Uswidi, Karlsson na Friedman, waliiga kwa kompyuta mchanganyiko wa maji, kilevi na gwayakoli, mojawapo ya molekuli za harufu ya moshi. Waliona kuwa kilevi kikipungua, molekuli hizo hukaa zaidi juu ya uso wa kinywaji, yaani karibu na pua. Wiski ya asilimia 59 kwenda juu huzizamisha chini. Matone ya maji yanazipandisha.

Glasi tano, chupa nne

Nirudi kwa shemeji. Tulikubaliana kufanya mtihani wa namba, kama wa Leith. Tulinunua vichupa vinne vidogo vya Skochi, blendi tatu na singo molti moja ya bei ya kubana. Dada yangu, ambaye hanywi na alikuwa anatucheka, alimimina jikoni akabandika herufi chini ya kila glasi. Nilimwomba kwa siri afanye jambo moja zaidi: zije glasi tano. Chupa moja imiminwe mara mbili.

Glasi tulizifunga kwa karatasi ya foili ya jikoni ili rangi isionekane. Hilo si mbwembwe. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux waliwapa wanafunzi 54 wa elimu ya divai divai nyeupe iliyotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, nao wakaieleza kwa maneno ya divai nyekundu. Kama macho yaliwapotosha wasomi wa fani hiyo, sisi wa sebuleni tuna kinga gani? Na kwenye Skochi ile karameli inaruhusiwa, kwa hiyo weusi wa wiski si ushahidi wa umri wala wa pipa.

Tulionja, tukaandika, bila kusemezana. Dada akafunua.

Glasi C niliiandikia: "nyembamba, spiriti, inaisha haraka. 5." Glasi E nikaandika: "ndizi, asali kidogo, imetulia. 7."

C na E zilikuwa chupa moja.

Shemeji hakuwa na hali bora. Ile singo molti, ambayo kwa macho angeipa tisa, aliipa sita, akaipa tisa blendi ya katikati. Lakini aibu yangu ndiyo inayofundisha zaidi, kwa sababu mimi ndiye niliyejua kuwa kuna mtego na bado nikanasa. Nilichunguza mfuatano. C nilikuwa nimeinywa mara baada ya B, yenye moshi, na baada ya moshi kila kitu kinaonekana maji. E ilikuja baada ya D iliyokuwa kali, ikaonekana mstaarabu. Wiski haikubadilika. Nilibadilika mimi, ndani ya dakika kumi.

Kwa hiyo saba yangu ni tano hadi saba, au sita hadi nane. Mtu akiniambia chupa moja ina 84 kati ya mia na nyingine 86, namsikiliza kwa heshima lakini siendi dukani mbio. Kwenye vipimo vya mia hali ni ngumu zaidi, maana wapimaji wengi hawashuki chini ya 70 na mara chache hupita 95. Ile mia kwa kweli ni ishirini na tano iliyovaa kanzu ndefu. Kinachonisaidia ni kumjua mpimaji: kama anapenda moshi nami siupendi, 90 yake ni onyo kwangu.

Baada ya hapo tumebadilisha daftari. Ya kwanza kuonjwa ni nyepesi, yenye moshi ni ya mwisho, na kati yake maji na kipande cha mkate mkavu. Daima kuna glasi moja ya kurudia, na sasa shemeji naye anajua. Alama tunatoa siku mbili tofauti, na zikipishana zaidi ya mbili tunazifuta. Kisha badala ya namba moja kuna tatu, kwa kazi tatu: ikiwa tupu, ikiwa na maji kidogo, ikiwa na soda na barafu pembeni ya nyama choma. Blendi moja ya bei ya chini ilipata nne, sita, nane, kwa mpangilio huo. Ile singo molti ilipata saba, nane, tatu. Ukizijumlisha, zimetoka sare, 18 kwa 18, kwa sababu tu nasi tunakunywa soda, jumla isiyo na maana yoyote. Shemeji bado anazijumlisha.

Vichupa vilivyobaki tumeviweka kabatini, wima, mbali na dirisha. Wiski ikishatiwa chupani haikui tena, lakini joto na hewa vinaila, hasa chupa ikiwa nusu.

Glasi za usiku ule hatukuziosha. Nilikuwa nimesikia kwamba glasi tupu iliyolala huonyesha kilichobaki baada ya kilevi kuruka. Asubuhi ya B ilinuka jiko la kuni lililozimwa. D ilikuwa sukari guru tupu. Nikainusa C, kisha E, mara tatu tatu, nikitafuta ile asali. Dada akapita na beseni, akaniuliza nimalize au aondoe.